Siku ya Mwisho Alipokuwa Mzima

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza kazi ya kuuliza watu jinsi ndugu zao walivyokufa.

Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la saruji na mabati. Tunahesabu vifo vinavyotokea nyumbani bila daktari. Kifo kikiripotiwa, wiki chache baada ya mazishi mmoja wetu anakwenda kwa wafiwa na dodoso, anauliza dalili na kuandika majibu. Madaktari wawili wanayasoma na kuamua ni nini hasa kilichoua. Mkuu wetu ni mtakwimu mwembamba anayeitwa Desimali na ofisi nzima, hata akiwa amesimama hapo hapo.

Siku ya usaili nilimpelekea wasifu wa kurasa kumi na moja. Alisoma ukurasa wa kwanza, akarukia wa mwisho.

"Humu umeandika ulichosoma," alisema. "Unajua kufanya nini?"

Nilimwambia najua kukaa na mtu asiyetaka kusema mpaka aseme. Kwa ajili ya tasnifu yangu nilikaa na wastaafu wa reli, watu waliogoma ujanani wakaapa kutolizungumzia tena jambo hilo. Walilizungumza.

"Hilo lingeenea ukurasa mmoja," akasema Desimali, akanipa kazi.

Baba bado anadhani nakwenda chuoni. Nitamwambia Jumamosi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua za kwanza. Dari ya ofisi inavuja juu ya meza ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia.

Baba alikuwa mchora mabango. Nusu ya maduka ya mtaa wetu bado yanavaa herufi zake, ingawa aliacha brashi mkono ulipoanza kutetemeka. Mama alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nyumba hii ni yetu wawili. Tangu nikiwa darasa la nne ananiita Profesa, kwa sababu sikuwa na jibu nililoridhika nalo. Siku nilipoanza shahada ya uzamivu alinichorea kibao cha mlangoni, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: PROFESA, na jina langu chini yake. Kimekaa sebuleni miaka yote hii, kikingoja mlango.

Nilimweleza kwamba chuo hakikuniongezea mkataba. Miaka minne nimefundisha kwa vipindi, nikiahidiwa nafasi ya kudumu, na sasa nafasi yenyewe imefutwa.

"Itatangazwa tena," alisema.

"Haitatangazwa, Baba. Nimepata kazi nyingine."

Nikamwambia ni kazi gani. Alikunja gazeti taratibu.

"Kwa hiyo unabisha hodi, wanakufungulia, unasema, 'Jamani, huyu wenu alikufaje?'"

"Siyo hivyo."

"Ni vipi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimjibu kama ninavyojibu ukumbini mbele ya wasomi: malengo, mbinu, umuhimu wa takwimu. Nilizungumza muda mrefu. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni. Kisha akainuka, akakishika kibao, akakigeuza kikatazama ukuta.

"Chai ipo jikoni," alisema. "Wewe kanywe."

Hajawahi kuniita "wewe" kwa sauti ile.

Jumapili, 10 Machi

Shangazi, dada yake Baba, amepita kutuona. Anakaa mitaa miwili kutoka hapa na habari humfikia kabla hazijatokea.

"Nasikia siku hizi wewe ni daktari wa waliokwisha kufa," alisema. "Hongera. Hao hawatakulalamikia."

Nilicheka. Baba hakucheka. Alitoka nje kutazama mvua, na mvua yenyewe ilikuwa imeshakatika.

Ijumaa, 15 Machi

Nimefuatana na Sista. Ni muuguzi mstaafu, mnene, mwenye viatu vya mpira na subira ya ng'ombe wa maziwa. Mwanzoni nilidhani ni mtu wa kujaza visanduku tu.

Nyumba ya kwanza, mwanamke amefiwa na mume. Dodoso linaanza hivi: "Marehemu alianza kuumwa tarehe gani?" Mwanamke akatazama juu, akatazama mlangoni, akasema, "Labda tarehe kumi." Ikawa kila linalofuata ni labda. Labda alikohoa. Labda homa. Sista akaandika labda zote.

Kwenye gari nikamwambia tarehe ile ilikuwa ya uongo.

"Najua," akasema. "Miaka ishirini na kitu wodini, sijui mtu anayebuni? Lakini dodoso linataka tarehe, nalo halijui kupika chai na kukaa na mtu."

Nikamfikiria upya Sista.

Jumatatu, 18 Machi

"Umerudi," amesema Baba. "Nimerudi," nimesema. Mazungumzo yetu ya leo ni hayo.

Alhamisi, 21 Machi

Nimempelekea Desimali pendekezo. Wale wazee wa reli walinifundisha kwamba mtu haokoti tarehe hewani. Huifikia kwa kutembea kutoka kwenye jambo analolikumbuka. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe la ugonjwa. Liwe hili: "Tueleze siku ya mwisho alipokuwa mzima. Alifanya nini siku hiyo?" Ukishaipata siku hiyo, ugonjwa unaanza kesho yake, na tarehe inajileta.

Desimali alivua miwani.

"Hilo ni swali la hadithi. Nitaliwekaje kwenye jedwali?"

"Huliweki kwenye jedwali. Linakusaidia kuamini yale unayoyaweka."

Alikaa kimya. Nami nikakaa kimya, kwa sababu hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi yangu: anayesita usimmalizie, usimsukume, ngoja. Wengi hawavumilii ukimya. Wanaujaza wao wenyewe, na wanachokitia humo ndicho ulichokifuata.

"Lijaribu wiki moja," akasema hatimaye.

Jumanne, 26 Machi

Mzee aliyefiwa na binti. Sista alisoma swali jipya kama lilivyo. Mzee akasema, "Alinifulia shati hili." Akaligusa. Kisha akatuambia yote, kwa mpangilio, siku baada ya siku, mpaka saa ambayo midomo ya binti yake ilibadilika rangi. Hakusema labda hata mara moja.

Mlangoni alitushukuru. Sista alisema, "Asante wewe, baba," akavaa viatu vyake vya mpira.

Nilirudi nyumbani nikitaka kumweleza mtu. Baba alikuwa sebuleni.

"Umerudi."

"Nimerudi."

Nilisimama kidogo nikimpa nafasi. Alifungua redio.

Jumatano, 27 Machi

Nimefikiri. Ile Jumamosi nilimmwagia Baba maelezo ambayo hakuyaomba. Sitarudia. Simwelezi kitu tena mpaka aulize mwenyewe. Baba si mgumu kuliko wastaafu wa reli. Mmoja wao alinipokea mara saba akizungumzia kuku tu, na safari ya nane akafungua kila kitu. Baba ataniuliza. Nitangoja.

Jumamosi, 30 Machi

Msimamizi wangu wa tasnifu amepiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekusalimia akiwa na jambo.

"Huenda kukawa na vipindi muhula ujao. Vichache. Usipotee."

"Nafasi ya kudumu?"

"Hilo tutaliona huko mbele."

Nimelisikia neno "huko mbele" kwa miaka minne. Nilimshukuru, nikamwambia nina kazi. Akauliza kazi gani, nikamweleza kwa sentensi mbili. Akasema, "Kwa hiyo ile mbinu yako unaitumia." Nikasema, kila siku. Akasema wanafunzi waliosoma tasnifu yangu hawafiki kumi. Alisema hivyo kama utani, lakini hakucheka mwishoni.

Nilipokata simu niligundua sijaumia. Ningependa Baba ajue hilo. Si kwamba nimeshindwa nikapata pa kujificha. Kwamba kazi hii naiweza, na naipenda.

Hakuuliza nani alipiga.

Jumanne, 2 Aprili

Swali limepita. Desimali alilitangaza mbele ya wote kwa uso ule ule anaoutumia kutangaza uhaba wa karatasi: kuanzia leo kila dodoso litaanza na siku ya mwisho ya uzima. Tofauti baina ya maamuzi ya madaktari wetu wawili imepungua nusu. Kisha akaja kwenye meza yangu, akasogeza ndoo ya maji ya dari kwa mguu, akasema, "Ukurasa mmoja ulitosha." Kwake yeye huo ni wimbo wa sifa.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimewafundisha wenzangu kunyamaza. Niliwaweka wawili wawili, mmoja aulize, mwingine asite. Wote walishindwa kungoja isipokuwa Sista.

"Mna haraka ya nini?" aliwaambia. "Mtu akisita, ameingia chumba cha ndani kuchukua kitu. Mwacheni atoke nacho."

Nimeandika sentensi hiyo ukutani.

Jumapili, 7 Aprili

Baba ameniuliza kama nimeona mkasi. Nikasema uko droo ya juu. Nikangoja. Akachukua mkasi, akaenda zake.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 10 Aprili

Baba hakuamka kunywa chai. Anasema ni baridi tu.

Ijumaa, 12 Aprili

Homa. Nimempeleka zahanati kwa bajaji, amejifunika koti langu. Tabibu amempa vidonge na kusema tukiona anazidi twende hospitali kubwa. Njiani Baba alishika chuma cha kiti kwa mikono yote miwili, na mikono ilikuwa haitetemeki, ndipo nikajua anaikaza.

Jumatatu, 15 Aprili

Anazidi. Hospitali kubwa iko ng'ambo ya mto na daraja limefunikwa na maji tangu jana. Nimepiga simu ya gari la wagonjwa. Wanasema maji yakipungua watakuja. Dereva wa ofisi, aliyetumwa na Desimali, alifika mpaka ukingoni akarudi. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni.

Dodoso letu lina sehemu ya kifua. Je, alipumua haraka kuliko kawaida? Je, mbavu zilikuwa zikibonyea ndani anapovuta pumzi? Je, alishindwa kulala chali? Nimekaa kando ya kitanda nikijibu. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Nimeyasikia majibu haya kwa watu wengi na najua madaktari wetu huandika neno gani chini yake.

Jumanne, 16 Aprili

Maji hayajapungua. Sista amekuja kwa miguu na mfuko wa dawa alizopewa na rafiki yake, amemchoma Baba sindano, amemwekea mito mgongoni. Kabla ya kuondoka aliniambia barazani, bila kunishika mkono, "Kaa karibu naye leo."

Nilikaa. Mchana Baba alifungua macho, akanitazama sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi.

"Hiyo kazi yako," alisema.

Akasita.

Nikangoja. Nilijiinamisha kidogo, mikono magotini, uso umetulia, kama ninavyofundisha. Sikumwambia, "Naam, Baba." Sikumwambia, "Kazi yangu imefanyaje?" Nilimpa nafasi yote. Alikuwa ameingia chumba cha ndani kuchukua kitu, nami sikutaka kumvuruga.

Pumzi yake ilikuwa kama msumeno kwenye mti mbichi. Midomo ilisogea. Kisha macho yakafumba, nikadhani amelala, na kweli alikuwa amelala. Nikaendelea kungoja.

Jumatano, 17 Aprili

Baba amefariki saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika. Hakuzungumza tena.

Ijumaa, 19 Aprili

Tumemzika. Desimali alikuja na viatu vyake vya ofisini, akasimama kwenye tope muda wote akimshikia Shangazi mwavuli, bega lake mwenyewe likilowa. Aliponipa pole alisema neno hilo moja tu. Mwezi mmoja uliopita ningesema ni ubaridi.

Wachora mabango wawili waliowahi kufundishwa na Baba walikuja. Mmoja alisema, "Mzee alikuwa anasema, herufi ikikosewa usiifute, paka rangi bango zima uanze upya." Watu wakatabasamu.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 2 Mei

Nimerudi kazini. Wamehamisha meza yangu mahali pakavu. Hakuna aliyesema ni nani aliyehamisha.

Jumatatu, 6 Mei

Nyumba tatu leo. Katika ya pili msichana wa kazi wa jirani alituambia wenyeji wamehama. Katika ya tatu, mwanamke aliyefiwa na mama alisita katikati ya sentensi, nami nikashindwa. Nikammalizia. "Ulikuwa unataka kusema alikuita?" Akasema ndiyo, kwa kunihurumia. Sijui alitaka kusema nini. Sista aliliona na hakuliandika.

Jumanne, 14 Mei

Mvua inapungua. Nimefika nyumbani nikajikuta nimesema "Nimerudi" mlangoni.

Jumanne, 21 Mei

Desimali ameniita. Orodha ya vifo vya kata yetu imeingia, na Baba yumo, maana alifia nyumbani. Kanuni haina mlango wa nyuma: kila kifo kinahojiwa. Alisema anaweza kuniacha mpaka mwisho wa orodha. Nikasema hapana. Akauliza namtaka nani anihoji. Nikasema Sista.

Alhamisi, 30 Mei

Jua tangu asubuhi. Sista alifika na dodoso kwenye mfuko wa plastiki, ingawa hakuna mvua. Shangazi alikuja pia, kwa sababu kanuni inaruhusu ndugu mwingine kujibu. Tulikaa sebuleni. Kibao kilikuwa pale pale, kimetazama ukuta.

"Maswali unayajua," Sista alisema. "Lakini nitayasoma kama yalivyoandikwa."

"Yasome."

"Tueleze siku ya mwisho alipokuwa mzima. Alifanya nini siku hiyo?"

Swali hilo niliandika mimi.

Siku yenyewe niliijua mara moja. Aliamka na baridi tarehe kumi, kwa hiyo ni tarehe tisa Aprili, Jumanne. "Tarehe tisa," nilisema. Nikafungua mdomo kusema alichofanya, na hapakuwa na kitu. Nilikwenda kazini, nikarudi. Alikuwa amevaa nini? Alikula? Alisema "Umerudi"? Nimewauliza wageni wasionijua habari za shati, za sufuria, za mlango uliofungwa kwa sauti gani, na wamenipa. Yangu sina.

Sista alingoja. Kalamu yake haikuinuka. Anangoja vizuri kuliko mtu yeyote niliyemfundisha.

Aliyesema ni Shangazi.

"Alikuja kwangu," alisema. "Na ile mvua yote. Alifika amelowa chapachapa, nikamwambia, 'Kaka, umerukwa na akili? Kuna nini ambacho hakiwezi kungoja jua?' Nikampa shuka ajifunike. Akala viazi, akaomba tena."

Sista aliandika.

"Akasema, 'Hivi huyu mtoto, kazi yake inaendaje?' Nikamwambia, 'Mnalala nyumba moja, unakuja kuniuliza mimi?' Akasema watu wa dukani wamemsimulia. Kuna mzee mmoja alifiwa na binti, anamwambia kila mtu kwamba alikuja mwanamke akamuuliza swali zuri. Kaka akawaambia, 'Huyo ni wangu.'"

Nilimwuliza Shangazi kwa nini Baba hakuniambia. Kanuni hairuhusu mhojiwa kuuliza, lakini Sista hakunizuia.

"Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamwambia, 'Si uongee naye, kaka?' Akasema, 'Nangoja aniulize. Si ndiyo kazi yake?'" Shangazi alicheka kidogo, kicheko kikamgeuka njiani, akashika ncha ya kanga. "Basi akavaa viatu, akarudi. Nilimwambia angoje mvua ipungue. Hakutaka. Alisema unakaribia kufika nyumbani."

Tulimaliza dodoso. Sehemu ya kifua niliijibu bila kusomewa. Sista alifunga mfuko wake, akanishika bega mlangoni, akaenda.

Nimefungua daftari hili kwenye tarehe tisa Aprili. Pana sentensi mbili, na chini yake ukurasa mtupu. Nafasi ya viazi, shuka, mvua, na yale aliyoyasema kwa Shangazi ingekuwepo.

Katika kazi yetu, kilichoandikwa siku hiyo hakiongezwi baadaye, hata ukijua zaidi. Nimekiacha kama kilivyo.